Mshale Unaochelewa

Silantoi aliinua mkono kutoka kwenye kipanya, lakini mshale wa kompyuta ukaendelea kutembea.

Hakushtuka. Tangu aruhusiwe kufanyia kazi nyumbani Kisongo ili amuuguze mama yake, aliiendesha kompyuta ya ofisini Themi kwa mbali. Kila kitu kilipita kwenye njia ya siri ya kampuni, na mtandao dhaifu ukakichelewesha.

"Mbona umekaa tu?" mama aliuliza kutoka kitandani.

"Nasubiri mshale, yeyo."

"Huo ni punda. Unampiga leo, anaondoka kesho."

Silantoi alicheka, akahesabu hadi kumi na tano. Mshale haukuwahi kuchelewa zaidi ya sekunde tano. Sasa ulikuwa bado unatembea, taratibu, kama mtu asiyejua kuwa anatazamwa. Kumbe huko ofisini kulikuwa na mkono mwingine.

Mshale ulifungua orodha ya wafanyakazi, ukashuka jina kwa jina, ukasimama kwenye lake. Kijisanduku kikatokea, kikiuliza kama afutwe.

Silantoi alikamata kipanya, akavuta. Mshale ukatetemeka katikati ya Ndiyo na Hapana.

"Punda amefika?" mama aliuliza.

"Bado, yeyo," akasema, wala hakuachia.