Tetea Aliyewika Belleville

Kapteni Rochebrune aliitazama mikono ya mshtakiwa kabla ya kumtazama usoni, akakunja pua. Ilikuwa myekundu, imepasukapasuka kama ya mvunja mawe.

"Hii ndiyo mikono ya mwandishi?" aliuliza, na maofisa wenzake mezani wakacheka.

"Mapinduzi hayafanywi kwa glavu," mshtakiwa alijibu. "Lakini wewe utayajulia wapi?"

Ilikuwa Desemba, mwaka 1871. Mahakama ya kijeshi ilikaa Versailles, katika ukumbi uliokuwa wa kufundishia farasi, na harufu yao ilikuwa bado haijatoka. Tangu jeshi liwamiminie risasi wafanyakazi walioitawala Paris kwa miezi miwili, Kapteni alikuwa amekwisha kuwahukumu watu mia na ushee. Wengi walimchosha. Huyu alimngoja kwa hamu. Makala za Léocadie Morvan zilikuwa zimesomwa kwa sauti katika kila baa na kila ua wa kufulia nguo wa mtaa wa Belleville, na moja ilimtaja yeye kwa jina. Ilimwita kibogoyo anayeazima meno ya jeshi.

Askari waliwakuta wanawake wawili katika chumba kimoja cha darini. Walipouliza Morvan ni nani, mmoja alijitokeza kabla mwenzake hajafumbua mdomo. Huyo mwenzake, wakaambiwa, ni dobi tu.

Hata hivyo Kapteni hakuamini kwamba mwanamke angeweza kuandika maneno makali namna ile. Alimtaka amtaje mwanamume aliyemwandikia, akamwahidi kumpunguzia adhabu.

"Tangu lini tetea akawika?" alimaliza.

"Tumewika, Kapteni. Nanyi mkaikimbia Paris kabla hakujakucha." Mshtakiwa aliinua kidevu. "Makala zile aliziandika mwanamke. Hilo naliapia."

Kapteni alimrushia gazeti, akamwamuru asome ile makala ya kibogoyo.

Mshtakiwa hakuligusa wala kulitupia jicho. "Soma mwenyewe. Si inakuhusu?"

Watu waliokaa nyuma waliguna. Kapteni, masikio yakimwaka, akalinyakua gazeti na kusoma mstari wa kwanza. Hakufika wa pili. Mshtakiwa aliyadaka maneno kinywani mwake, akaendelea nayo mpaka mwisho, macho yake hayatoki usoni mwa Kapteni. Karani alifuatisha kwa kidole gazetini, akatikisa kichwa kukubali: halikupungua neno hata moja. Hapo Kapteni naye akasadiki. Nani mwingine angeyajua maneno yale hivyo, isipokuwa aliyeyatunga?

Akamwita yule dobi, kukamilisha taratibu tu. Aliingia mwanamke mwembamba, mikono ameificha ndani ya aproni. Kapteni alimuuliza kama anamtambua Léocadie Morvan.

"Bwana Kapteni, huyu si..."

"Mtazameni!" mshtakiwa alimkata kauli. "Hajui hata kuandika jina lake, nanyi mnamwita shahidi! Mmeishiwa kiasi hicho? Nenda zako, Toinette, kwenye sabuni yako. Uchafu uliobaki ni mwingi, na kuusafisha ni kazi yako, si yangu."

Ukumbi mzima ulicheka. Yule mwanamke alisimama akimtazama mshtakiwa, machozi yakimtoka. Kapteni aliwaza kwamba hayo ndiyo mapinduzi yao: wanajidai kuwapigania maskini, kumbe wanawadharau kuliko yeye anavyowadharau. Akaamuru dobi atolewe nje, aende zake, asiwapotezee wakati. Mlango ukafungwa nyuma yake.

Hukumu haikuchukua muda. Kifungo cha maisha uhamishoni, Kaledonia Mpya, safari ya miezi minne baharini. Kapteni aliisoma polepole, kisha akaongeza jambo ambalo halikuandikwa popote.

"Nitahakikisha hupewi wino wala karatasi mpaka unakufa. Tutaona mwandishi asiye na kalamu ataishi vipi."

Mshtakiwa akacheka. Si kicheko cha kujikaza. Alicheka kwa raha, mpaka akajifuta macho kwa kiganja. Kapteni alijisemea kwamba wazimu umekwisha kumpanda.

Karani alileta karatasi ya kukiri kwamba amesomewa hukumu, akachovya kalamu winoni na kumpa. Mshtakiwa aliikamata kwa ngumi, akakwaruza msalaba mmoja uliopinda, wino ukatapakaa.

"Kiburi mpaka mwisho," Kapteni alisema kwa karaha. "Mwandikie jina lake hapo pembeni."

Lakini hakikuwa kiburi. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake Toinette kushika kalamu.