Mbegu za Mnili

Sulastri alikuwa akichemsha mbegu za mnili, ule mmea wa kutengenezea rangi ya buluu ambao Wazungu waliwalazimisha wenyeji kuupanda palipokuwa na mpunga wao. Mbegu iliyochemshwa haioti. Mtaa mzima ulikuwa umekubaliana kuzichemsha kabla ya kuzipanda. Aliyegunduliwa alinyongwa.

Mlango ukasukumwa. Akaingia afisa wa Kizungu na mkalimani wake Wiryo, mzaliwa wa mji uleule.

“Anauliza unapika nini,” Wiryo alisema.

“Choroko, kaka.”

Wiryo akafunua chungu, akakodolea macho zile punje. Sulastri akasukumia kuni motoni.

“Sasa dada, siku hizi wageni hawaonjeshwi?” Wiryo akauliza kwa sauti ya chini.

Kwao, aliyekuta chungu motoni hakuondoka bila kuonja. Wiryo akateka kwa upawa, akapuliza, akala. Alitafuna uchungu ule huku machozi yakimlenga, kisha akatabasamu.

“Choroko tamu, bwana,” akamwambia afisa kwa lugha yake.

Sulastri akashusha pumzi.

Afisa akavua kofia, akavuta kigoda, akaketi karibu na moto. Kisha akanyoosha mkono apewe upawa.