Alisahau Kusema Picha

Siku hizi kamera za mlimani hutii sauti yoyote, na kila moja imebeba risasi za kumlinda mpiga picha. Haizimwi wala haiachwi njiani, ndiyo sheria. Tulipewa mafunzo ya dakika kumi. Nani husikiliza mafunzo ya dakika kumi?

Kipupwe hiki theluji imeshuka hadi uwanda wa Shira. Asubuhi pofu jike, yule swala mkubwa kama ng'ombe, alitokea ukunguni na ndama wake, mvuke ukimtoka puani. Mume wangu, Elinami, akashindwa kujizuia.

"Mpige, Mama Ndeshi! Mpige kabla hajaondoka!"

Taa nyekundu ikawaka, kamera ikampiga.

Ndama akabaki anamnusa mama yake, kwato zikizama katika theluji yenye damu.

"Si nilisema picha?" Elinami aliniuliza njia nzima. "Nilisema picha, sivyo?"

Hakusema.

Nyumbani niliiweka kamera mezani, nikainama kufungua viatu. Nilipoinua kichwa, Ndeshi wetu wa miaka minne alikuwa amesimama mbele ya kamera, mikono kiunoni, akitabasamu kama kawaida yake.

"Mama," akasema, "nipige!"