Kijipikipiki cha Mzee Mbaruku

Tangu mguu wake wa kushoto ukatae kukunjika, Mzee Mbaruku hakuweza kupanda pikipiki yoyote ila kile kijipikipiki cha ujana wake, ambacho kiti chake kilimfika magotini tu. Injini ilipokufa, mafundi watatu walimwambia akiuze kama chuma chakavu. Wa nne, mwanamke aitwaye Sikudhani, alikifungia injini mpya ya pampu ya maji na cheni mpya.

"Haya, mzee wangu, vuta mafuta taratibu."

Mzee akavuta. Kijipikipiki kikaenda kinyumenyume, kikapindua ndoo ya sabuni na kujigonga ukutani.

Sikudhani aliinama kuitazama injini. Ili injini ienee kwenye ile fremu ndogo, alikuwa ameifunga ikitazama upande usio wake.

"Nisamehe, mzee wangu."

"Nikusamehe nini, mwanangu? Mwaka mzima nimekaa barazani. Hata kurudi nyuma ni safari."

Sikudhani akacheka, huku machozi yakimlenga. Akaifungua injini, akaigeuza, akahamishia cheni upande wa pili. Safari hii kijipikipiki kilichomoka mbele mpaka barabarani.

"Nafika kona ya msikiti, nageuza!" mzee alipiga kelele bila kutazama nyuma.

Sikudhani akashusha pumzi, akaketi juu ya injini ya zamani, akatega sikio. Mlio ulifika kwenye kona ya msikiti, ukaipita, ukaanza kupanda kilima.