Nyumba ya Kupigiwa Hodi

Kalamu yangu ishagusa kisanduku cha “destroyed”, ndo nkashtuka. Ngoja!

Jana mvua imeangusha nusu ya ukuta wa mbele wa nyumba ya Bi Hamda, jirani yetu. Leo kaja mkaguzi wa majengo na fomu ya Kiingereza. Bi Hamda kanambia mie nimjazie, maana nshamaliza skuli.

“Destroyed, damaged, yote kuharibika,” mkaguzi akasema. “Tia alama hapo, twende!”

Yote wapi! “Damaged” imeumia, inatibika kwa mawe na chokaa. “Destroyed” ishakufa. Na chini kabisa, kwa herufi kama sisimizi, nkasoma kuwa nyumba zilokufa zinabomolewa Jumamosi.

“Mzee, hii haijafa,” nkamwambia.

“Mtoto we, huna macho? Mpaka kitanda cha watu kinaonekana njiani!”

Kweli kinaonekana, tena kimetandikwa. Lakini mlango umesimama vilevile, na misumari yake ya shaba inamemeta. Bi Hamda kaisugua kwa ndimu asubuhi hii hii.

“Basi ingia ukahakikishe,” nkamwambia. “Kama ni gofu, si upite tu hapo penye tundu?”

Mkaguzi akanyanyua mguu kupita penye tundu. Akausitisha hewani. Akakitazama kile kitanda cha mwanamke wa watu, akaurudisha mguu chini.

Akazunguka mpaka mlangoni, akajikohoza.

“Hodi!”

“Karibu mwanangu!” Bi Hamda akaitika kutoka ndani. “Chai tayari!”

Mkaguzi akavua viatu.