Bakuli Lililovuka Ukuta

Tangu serikali iingie ubia na kampuni ya vyakula, kila nyumba ya Mikoroshini ilipewa aina yake ya unga wa majaribio, ili watafiti walinganishe afya za watu. Unga mwingine haukuuzwa, na chakula kilikatazwa kuvuka ukuta kwenda kwa jirani. Mwanakheri alivumilia, mpaka alipomwona mtoto wa Zuhura, jirani yake, shingo imekuwa kama kijiti. Akampelekea bakuli la uji wake.

Asubuhi mtafiti wa kampuni akapiga hodi.

"Mama, umeharibu utafiti wa taifa. Omba radhi, la sivyo tutawakatia unga wewe na Zuhura."

"Taifa lipi, mwanangu? Lako au la kampuni?"

"Omba radhi tu, mama."

Nyuma ya ukuta, kwa Zuhura, kijiko cha mtoto kilikuwa kikikwangua bakuli tupu. Mwanakheri akasikiliza mpaka kikanyamaza.

"Siombi."