Picha ya Miguu ya Mama
Picha ya Merveille ilipowaka ukutani kwa projekta, darasa zima lilicheka.

Mwalimu wa kamera alikuwa amewatuma walete picha ya kitu kinachotembea. Wenzake walileta baiskeli za kabaza zinazobeba abiria na matoroli ya soko la Kawale. Yeye alileta miguu ya mama yake juu ya pedali ya cherehani, picha aliyoipiga asubuhi ile ile kwenye kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, kabla ya kupanda basi la kuja Lilongwe.

"Dada, mashini haiendi popote," mwalimu alisema. "Hapa kinatembea nini?"

Merveille aliusogelea ukuta. Kwenye kamera picha ilikuwa ndogo kama kiberiti. Ukutani ilikuwa kubwa kama mlango, na sasa aliviona viatu.

Mama yake hakuwahi kushona akiwa amevaa viatu. "Muguu wazi njo inasikia mashini," ndivyo alivyosema siku zote. Na hivi vilikuwa vile vyeusi vya kamba alivyokimbia navyo kutoka Bukavu, ambavyo miaka yote vilikaa ndani ya mfuko chini ya kitanda.

Akapandisha macho mpaka kwenye sindano. Haikuwa na uzi. Chini yake hapakuwa na kitambaa.

Asubuhi mama alikuwa amekanyaga pedali bila kuinua kichwa. "Piga mbiombio, uende. Mi niko na kazi mingi leo."

"Nimekuuliza, dada. Kinatembea nini?"

"Mama," alisema Merveille, na tayari alikuwa mlangoni.